Spacio inayochemsha kwenye foleni: nilianzia kwenye mfuniko, si kwenye rejeta mpya

Kabla hujashika spana, angalia gari linachemsha wakati gani. Toyota Spacio yangu ya mwaka 2002, injini ya 1NZ-FE, ilikuwa inatulia kabisa ikitembea usiku, lakini ikikaa dakika kumi kwenye foleni ya Mwenge, Dar, saa nane mchana, sindano ya joto inapanda. Hilo peke yake lilinipunguzia kazi. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unapita kwenye rejeta bila kuombwa. Likisimama, linategemea feni tu. Linalochemsha likisimama, anza na feni na uchafu wa nje ya rejeta. Linalochemsha likiwa kwenye mwendo, au likipanda mlima wa Pugu limejaza watu na mizigo, maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba ndani, thamostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) haifunguki, au mapanga ya pampu ya maji yameliwa na kutu. Linalopunguza maji bila kudondosha hata tone chini, hapo ndipo uanze kuiwazia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (kiwiliwili chake).

Sindano yenyewe usiiamini sana. Kwenye Toyota nyingi imetengenezwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo ukiiona imeondoka katikati, ujue injini imeshapata joto zamani. Na kuna mtego mbaya zaidi: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na sindano inaweza kushuka. Dereva anafurahi gari limepoa, kumbe hedi inapinda. Gari likikuchemkia njiani, zima AC, fungua hita mpaka mwisho iwe ya moto (utaloa jasho, vumilia), tafuta pembeni pa kusimama, kisha zima injini. Mfuniko usiuguse mpaka uweze kuibana hozi ya juu kwa mkono bila kuungua, na hapo bado uufungue kwa kitambaa.

Nilianza na mfuniko wa rejeta kwa sababu ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndio kinachodharauliwa kuliko vyote. Juu yake umeandikwa 0.9 au 1.1. Hilo ni shinikizo, na shinikizo ndilo linalofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Mpira wake ukikauka na kupasuka, maji yanaanza kuchemka mapema na kutorokea kwenye tanki la akiba. Ndani yake kuna vali ndogo ya pili inayoruhusu maji kurudi injini ikipoa. Dalili ya hiyo kunasa ni rahisi: asubuhi fungua boneti, ukikuta hozi ya juu imebonyea kama imenyonywa, mfuniko umekufa. Wa kwangu ulikuwa na mpira mgumu kama plastiki. Nikaweka mwingine wenye namba ileile ya gari. Kuweka wenye namba kubwa ukidhani unasaidia ni kuitafutia rejeta ya zamani ufa.

Halafu feni. Washa injini, washa AC, feni ianze kuzunguka ndani ya muda mfupi. Ikizunguka na AC lakini haizunguki injini ikipata joto AC ikiwa imezimwa, mota ni nzima. Fuatilia sensa ya joto na waya zake. Isipozunguka kabisa, anza na fyuzi na relei kabla ya kulaumu mota. Kwangu ilikuwa inaanza siku moja, siku nyingine inagoma. Ikiwa imegoma, niligonga mgongo wa mota taratibu kwa mpini wa bisibisi, ikaondoka. Hiyo ni kaboni iliyoisha, kile kipande kinachopeleka umeme ndani ya mota: inagusa ikitikiswa, ikipata joto inaachia. (Mkono, shati na nywele vikae mbali, feni inaweza kuanza yenyewe swichi ikiwa imewashwa.)

Mota nilichukua ya mtumba, kwenye maduka ya Gerezani. Dukani usiridhike na kuizungusha kwa kidole. Omba waunganishe kwenye betri, iache izunguke dakika tano, kisha shika mhimili uutikise: ukicheza, iache. Ukishafunga kwenye gari, weka karatasi mbele ya grili feni ikiwa inazunguka. Karatasi inatakiwa kunaswa. Ikisukumwa, waya zimegeuzwa na feni inapambana na upepo wa barabarani. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lirudishwe. Mafundi wengine wanalitupa ili wapate nafasi ya mkono, na feni inabaki inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta.

Wakati feni iko nje, angalia kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele) na rejeta. Humo nilikuta zulia la vumbi, manyoya na mabawa ya wadudu, halionekani ukisimama mbele ya gari. Osha kwa maji ya bomba yenye nguvu ndogo, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, na pezi lililolala halipitishi upepo. Magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, mapezi hugeuka unga mweupe ukiyagusa. Hayo kuosha hakusaidii. Tazama pia tanki la plastiki la juu ya rejeta. Likishabadilika kutoka nyeusi kuwa kahawia, na ukaona mistari myembamba karibu na shingo ya hozi, limeanza kuwa kama biskuti. Rejeta ya hivyo badilisha kabla haijapasuka.

Sasa thamostati. "Kaka, toa tu, Dar kuna baridi gani?" Utaambiwa hivyo kwenye gereji tatu kati ya nne, na kwenye Spacio yangu mtu alishaitoa kabla yangu. Kwenye 1NZ thamostati ina vali ya pili inayofunga njia ya mkato ya maji injini ikipata joto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Siku za mwendo injini inakuwa baridi kupita kiasi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza imewashwa. Siku za foleni inachemsha. Unapata hasara zote mbili.

Mpya niliijaribu kabla ya kuifunga, maana feki zipo nyingi. Sufuria ya maji, uzi wa kuininingiza isiguse chini, na kipimajoto cha jikoni. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Maji yakifika 95 iwe imefunguka angalau milimita 8.5. Iliyofunguka nusu tu nilirudisha dukani. Kuifunga ni nati mbili za spana namba 10, mpira mpya, na kale katundu kenye kipini kinachochezacheza kakae juu ili hewa ipite. Usikaze kwa hasira, nyumba yake ni laini.

Maji ndiyo yaliyonichukua muda mrefu zaidi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na gari lililonyweshwa maji hayo kwa miaka linajenga magamba ndani ya rejeta na kula pampu. Kulanti, ile dawa ya rangi ya kwenye rejeta, inazuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka, kwa hiyo hoja ya kuiacha eti "hapa hakuna barafu" haina uzito. Toyota ya pinki huja imeshachanganywa, imwage ilivyo. Nyekundu ni nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya betri; hakikisha hawakupi asidi. Usichanganye rangi kwa kubahatisha, zingine zikikutana zinafanya ute. Na vile vidumu vya bei ya kutupa mara nyingi ni maji yaliyotiwa rangi.

Mfumo unachukua takribani lita 5, ila ukifungua koki ya chini ya rejeta (ya plastiki, ifungue kwa vidole, plaizi zinaivunja) zinatoka kama 3 tu. Zingine zimebaki kwenye bloku. Ndiyo maana nilijaza maji yaliyosafishwa, nikawasha mpaka thamostati ikafunguka, nikapoza, nikamwaga. Mara tatu, mpaka yakatoka bila rangi ya chai. Kwa kuwa maji hayo nayo hubaki kwenye bloku, mwishoni nilitumia kulanti nzito kwanza, nusu ya ujazo wote, ndipo nikamalizia na maji.

Kutoa hewa: weka gari kwenye mteremko pua ikiwa juu, hita kwenye moto mpaka mwisho, jaza polepole huku ukibanabana hozi ya juu. Washa injini, mfuniko ukiwa wazi, endelea kuongeza mapovu yanapotoka, funga, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Ukisikia maji yanalia nyuma ya dashibodi, au hita inapuliza baridi, hewa bado ipo.

Kama baada ya yote hayo hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika mbili tu tangu uwashe asubuhi, na mapovu hayakatiki, hiyo ni gasketi. Hedi ikitolewa ipelekwe ikapimwe kwa rula ya chuma. Upande unaokaa kwenye bloku, kupinda kusizidi milimita 0.05. Bolti zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 29, kisha zinazungushwa nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha 90 tena. Fundi anayesema anajua kwa mkono, mshukuru na uondoke.

Kwenye tanki la akiba nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Nauangalia kila Jumamosi kabla gari halijawashwa. Mpaka sasa maji yameshuka upana wa kidole kimoja ndani ya miezi mitano.