Cappellini ya mizigo, 1:100: mwili umekamilika, sasa ni farumi (uzito wa kukisawazisha chombo)

Modeli hii ni ya nyambizi ya Kiitalia Comandante Cappellini kama ilivyoondoka Bordeaux, Ufaransa, tarehe 11 Mei 1943, ikiwa imegeuzwa kutoka chombo cha vita kuwa chombo cha shehena ya kwenda Asia. Haiundwi ili ikae kabatini. Itaelea, itapakiwa na itapimwa, kwa sababu safari zile zilitawaliwa na uzito kuliko nafasi, na uzito huuoni kwenye picha.

Kipimo cha 1:100 kimechaguliwa kwa hesabu. Urefu unagawanywa kwa 100, uzito kwa milioni moja. Mita 73 zinakuwa sentimita 73, upana wa mita 7.2 unakuwa sentimita 7.2, na tani moja inakuwa gramu moja. Cappellini ilikuwa na tani 1,060 ikielea na 1,313 ikiwa imezama, kwa hiyo modeli ikishushwa majini lazima isomeke gramu 1,060. Shehena yake ya tani 160 ni gramu 160, na mzani wa jikoni unaosoma gramu moja unatosha.

Mwili umejengwa kwa tabaka saba za mbao ya paina, kila moja milimita 10, zikagandishwa kwa gundi ya mbao na kubanwa kwa jiriwa saa 24. Geuza moyo wa mbao: tabaka moja moyo juu, inayofuata moyo chini. Ubao husinyaa zaidi upande wa nje ya gogo, na tabaka zote zikielekea upande mmoja, mwili hupinda kama upinde ndani ya wiki chache, hasa ukihamishwa kutoka pwani yenye unyevu kwenda bara. Tabaka za kati zikombwe kabla ya kugandisha, ukiacha ukuta wa milimita 8. Kukomba baadaye kwa patasi kunapasua omo (mbele ya chombo), ambako mbao ni nyembamba. Baada ya randa, tupa na msasa, paka vanishi mara tatu ndani na nje. Ndani ndiko wengi wanakoruka, na mbao ikinywa gramu 30 za maji, umejipakilia tani 30 zisizo na jina.

Mizinga miwili ya sitaha ya milimita 100 haichongwi. Iliondolewa Bordeaux, na mirija ya topido ikawekwa mafuta. Sababu inaonekana ukilinganisha: kwa noti 9.4 (maili za baharini kwa saa) nyambizi hii ilifika maili 7,500 za baharini, lakini kutoka Bordeaux kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Sabang, bandari ya Sumatra iliyokuwa mikononi mwa Wajapani, ni karibu maili 11,000. Ilifika mapema Julai, siku 60 hivi, sawa na wastani wa noti 7 na nusu.

Sasa farumi. Mwili mtupu pamoja na mnara unatarajiwa kuwa gramu 420, hivyo zinabaki 640. Kati ya hizo, 480 ni chubwi za risasi za wavuvi, zimepangwa juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo) na kufungwa kwa gundi ya epoksi. 160 ni shehena, nayo lazima itoke na kuingia. Zebaki, sehemu ya shehena hiyo, inastahili kukaa chini kabisa: lita moja ina kilo 13.6, inachukua nafasi ndogo na kushusha kitovu cha uzito. Alumini, ambayo nayo ilikuwamo, ni kinyume: inajaza nafasi kabla ya kufikisha uzito.

Maji ya kupimia yamo kwenye nusu ya pipa la plastiki la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Lita 100 za maji zinataka kilo 3.5 za chumvi ili kufikia uzito wa maji ya bahari. Ukitumia maji ya bomba, modeli inahitaji kusukuma sentimita 26 zaidi za ujazo ili ielee, sawa na tani 26 za meli halisi. Manahodha walikutana na jambo hilohilo wakiingia Bahari ya Andaman, ambako mvua na mito hupunguza chumvi: nyambizi iliyosawazishwa Atlantiki inakuwa nzito kule.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la mafuta. Tangi la mafuta la nyambizi huwa wazi chini, na dizeli inapotumika bahari inaingia mahali pake. Mita moja ya ujazo ya dizeli ni kilo 850, ya maji ya bahari ni 1,025. Kwa hiyo kila mita 100 za ujazo zikichomwa, nyambizi haiwi nyepesi; inaongezeka tani 17 na nusu. Kwenye modeli ni gramu 17.5 zinazoongezwa kidogokidogo kwenye matangi ya pembeni. Zikiongezwa tezi (nyuma) peke yake, omo inanyanyuka. Ikielea, kosa hilo ni milimita chache tu. Ikizama, eneo la kukata maji, yaani sehemu ya mwili iliyo kwenye uso wa maji, halipo tena kuisaidia, nalo linakuwa mwinamo mkali.

Nyambizi tatu tu zilizogeuzwa zilifika: Cappellini, Reginaldo Giuliani na Luigi Torelli. Enrico Tazzoli na Barbarigo zilipotea zikianza safari. Italia iliposalimu amri tarehe 8 Septemba 1943, zile tatu zilishikwa na Wajapani, wakawapa Wajerumani. Cappellini ikawa UIT-24.

Mpangilio unaofuata ni huo wa UIT-24, ilipoelekezwa Ulaya Februari 1944 na mpira na bati. Mpira ghafi ni mwepesi kuliko maji, hivyo marobota yake yakikaa mahali palipojaa maji yanainua mwili badala ya kuuzamisha, na bati lazima lilale kwenye mkuku kuyashikilia. Kwenye modeli, vipande vya mpira unaoelea vitakuwa marobota na solda ya bati itakuwa bati. Mafuta ya safari yalitegemea meli ya mafuta ya Kijerumani, Brake, iliyozamishwa Machi 1944 kusini mwa Morisi, na UIT-24 ikarudi Penang, Malaya. Kwa hiyo jedwali la mafuta litaishia hapo, nusu ya Bahari ya Hindi, na safari ya kurudi ihesabiwe kwa matangi yaliyoingia maji.