Mkono wa kulia ulipofungwa plasta

Niliteleza bafuni, nikaangukia kiganja, na jioni hiyo nikarudi nyumbani mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta hadi karibu na kiwiko. Usiku usingizi ukagoma. Bastola yangu naimiliki kihalali miaka mingi, shabaha napiga vizuri tu, lakini kwa mikono miwili. Mtu akivunja mlango usiku ule, ningefanya nini?

Sikukimbilia risasi. Wiki sita za plasta nilifanya mazoezi makavu, yaani kufyatua bastola isiyo na risasi, kwa mkono wa kushoto. Kwa kuwa sikuweza kuikagua bastola mwenyewe, mke wangu ndiye aliyechomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza, akaitazama chemba inamokaa risasi na kuipapasa kwa kidole. Risasi zilikuwa chumba kingine, zimefungiwa. Ndipo nalenga ukuta wa matofali ambao najua nyuma yake hakuna mtu. Dakika kumi, basi. Mkono ukishachoka unajifunza uzembe.

Mke wangu anaweka sarafu juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, mimi nafyatua bila kuiangusha. Kila mara ilibidi avute slaidi kuikoki tena, huku akinung'unika kwamba ameajiriwa bila mshahara. Siku ya kwanza sarafu ilianguka karibu kila mara, tena upande wa kulia. Nilipotazama vidole vyangu nikaelewa: kidole cha shahada kikikunja triga, vile vitatu vya chini navyo vinakunja, na mdomo wa bastola unainama. Dawa yake ni kuibana bastola barabara kabla ya kugusa triga, halafu nguvu hiyo isiongezeke wala kupungua hadi mwisho. Kulisema ni rahisi. Mimi lilinichukua wiki tatu.

Plasta ilipotolewa nikaenda uwanja wa shabaha, mita tatu tu kutoka kwenye karatasi. Risasi ya tatu, bastola ikakwama: ganda la risasi limesimama wima kwenye dirisha la slaidi kama bomba la moshi. Nikaanza kuilaumu bastola. Mkufunzi, mzee mpole, akacheka. "Bastola nzima, mwanangu. Kifundo cha mkono wako ndicho kimelegea." Slaidi inaporudi nyuma huhitaji bastola ishikwe imara ili imalize safari yake, mkono ukienda nayo, nguvu inapotea njiani na ganda linanaswa.

Akanipanga upya: mguu wa kushoto mbele, kifua kimeinamia mbele kidogo, mkono wa kulia ngumi kifuani badala ya kuning'inia. Bastola akaiinamisha kidogo kuelekea ndani. Wapo walimu wasiopenda mwinamo huo, ila mimi ulinituliza kifundo papo hapo. Kidogo, lakini, siyo kuilaza ubavu kama wanavyofanya kwenye sinema.

Nikamuuliza mbona wapiga shabaha wa Olimpiki hupiga mkono mmoja mita 10 wakiwa wamesimama kiubavu, wametulia tuli. Akasema zile ni bastola za hewa, hazina teke, na hakuna anayewakimbilia. Yeye mfano wake ni Edmundo Mireles, ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ambaye tarehe 11 Aprili 1986, karibu na Miami, risasi ilimvunja mkono wa kushoto, akaendelea kupambana kwa wa kulia uliobaki.

Jambo lililonitoa jasho zaidi ni kukoki kwa mkono mmoja. Unanasa kilengeo cha nyuma kwenye mkanda wa suruali, unasukuma bastola chini kwa nguvu. Mkanda wangu ulikuwa laini ukawa unajikunja tu; nikatafuta wa ngozi ngumu. Hapa nilitumia risasi bandia peke yake, kidole nje ya triga, na nikiangalia mdomo usielekee pajani, maana ni rahisi mno kujipiga mguu ukiwa na haraka. Wengine hunasa kwenye kisigino cha kiatu. Nilijaribu, sikuipenda.

Siku hizi nikifika uwanjani magazini ya kwanza ni ya mkono wa kushoto, mita tano. Juzi risasi nane kati ya kumi ziliingia kwenye duara la ukubwa wa sahani, mbili zikaenda kulekule kwa zamani, chini kulia. Nimerudi kwenye sarafu, ila mke wangu amesema safari hii naiweka mwenyewe.