Taa za Rivasi Zisizowaka Kwenye Corolla ya Zamani

Taa za rivasi zikikataa kuwaka zote mbili kwa wakati mmoja kwenye gari la zamani lenye gia za mkono, balbu ndizo za mwisho kulaumiwa. Ni nadra balbu mbili kuungua pamoja. Hata hivyo, duka la vipuri litakuuzia jozi mpya bila kukuuliza swali, na ukishazifunga na kuweka gia ya kurudi nyuma, giza litabaki lilelile. Ikiwa ni taa moja tu iliyozima, hapo ndipo inafaa kuanza na balbu, soketi yake na kutu iliyomo ndani.

Ninazungumzia Toyota Corolla ya familia ya E100, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1991, kwa kuwa ndiyo ninayoiendesha na ndiyo niliyoifungua, ingawa magari mengi ya umri huo yameundwa kwa mantiki hiyohiyo. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya funguo na fyuzi, huingia kwenye swichi ndogo iliyofungwa kwenye ubavu wa giaboksi, kisha husafiri hadi nyuma kwenye balbu na kurejea betrini kupitia bodi ya gari. Hakuna relei (swichi inayoendeshwa na umeme ili kubeba mkondo mkubwa) katikati. Balbu ya kawaida ya rivasi ni ya wati 21, kwa hiyo mbili ni wati 42, sawa na ampea 3.5 kwa volti 12, na mkondo huo wote hupita kwenye ncha za swichi ile ndogo kila unaporudi nyuma, kwa miaka zaidi ya 30. Ndiyo sababu mimi huishuku swichi kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Fyuzi huweza kukaguliwa bila hata kuinama. Kwenye gari langu, taa za rivasi hulishwa na fyuzi ya ampea 10 iliyoandikwa GAUGE, ambayo pia hulisha geji za dashibodi. Washa swichi ya funguo bila kuwasha injini, kisha utazame mshale wa mafuta: ukipanda kama kawaida, fyuzi ni nzima na unaweza kuendelea mbele.

Jaribio linalofuata ndilo linalookoa fedha. Vuta breki ya mkono na uweke kigingi kwenye gurudumu, fungua boneti, kisha ufuate nyaya mbili zinazoishia kwenye swichi ya giaboksi, upande wa betri. Chomoa soketi yake, unganisha matundu mawili ya upande wa nyaya kwa kipande kifupi cha waya, kisha uwashe swichi ya funguo. Taa za rivasi zikiwaka, basi fyuzi, nyaya, balbu na athi (njia ya umeme kurejea betrini kupitia bodi) vyote ni vizima, na tatizo limebaki ama ndani ya swichi ama kwenye mfumo wa gia unaopaswa kuibonyeza. Kutenganisha haya mawili si kazi ngumu: rudisha soketi, weka gia ya rivasi, na umwombe mtu ausukume mkono wa gia hadi mwisho huku wewe ukitazama nyuma. Taa zinazowaka pale tu mkono unapobanwa kwa nguvu huashiria bushi za kebo za gia (vipande vya mpira au plastiki kwenye viungo vyake) zilizolika, kiasi kwamba gia inaingia lakini haifiki mwisho wa safari yake.

Taa zisipowaka hata baada ya kuunganisha nyaya, rudi nyuma ya gari, na hapa ndipo multimita (kipimo cha umeme cha mkononi) huwadanganya wengi. Balbu ikiwa imetolewa, kipimo kinaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye soketi hata kama waya umebaki na uzi mmoja tu usiokatika, kwa sababu multimita haivuti mkondo wa maana. Pima balbu ikiwa ndani ya soketi, au tumia testa yenye balbu. Kisha pima kati ya upande wa athi wa soketi na chuma kisafi cha bodi wakati umeme unapita: ukiona volti moja au zaidi, athi imeshika kutu, na dawa yake ni msasa na kukaza skrubu. Kwa magari ambayo taa hizi ziko kwenye mfuniko wa buti, chunguza nyaya zinapopita kwenye bawaba, kwani hujikunja kila buti linapofunguliwa hadi zinakatika ndani ya ganda lisiloonyesha jeraha.

Swichi ikishatolewa, bonyeza pini yake ukiwa umeweka multimita kwenye kipimo cha ohm. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Balbu mbili zinazowaka zina ukinzani wa takribani ohm 3.4 kwa pamoja, kwa hiyo swichi iliyoungua na kubaki na ohm 3 huzinyang'anya karibu nusu ya volti, na hizo ndizo taa hafifu ambazo watu huzidharau wakidhani ni uzee wa gari. Kuweka balbu zenye nguvu zaidi ili kufidia uhafifu huo ni kuiunguza swichi haraka zaidi. Taa za LED nazo huvuta mkondo mdogo, hivyo zinaweza kuwaka vizuri na kuuficha ubovu uleule.

Mafundi wengine hukwepa kazi yote hii kwa kufunga kitufe cha kuwashia rivasi kwenye dashibodi. Silipendi suluhisho hilo hata kidogo. Dereva husahau kulizima, na anayemfuata barabarani huona taa nyeupe kwenye gari linalokwenda mbele.

Swichi ya mtumba hufaa ikiwa imepimwa mbele yako dukani. Wakati wa kuifunga, hakikisha ina washa (pete bapa inayokaa chini ya swichi) moja yenye unene uleule wa ile ya awali; washa mbili huiinua swichi, na pini haitafikiwa na fimbo ya gia ndani. Baada ya hapo, kagua kama oili inavuja kwenye uzi wake wa kufungia, na uangalie kiwango cha oili ya giaboksi ikiwa kiasi kilimwagika ulipoitoa.