Mjomba, kukoroma na homoni ya shibe

Siku hizi jioni zangu zote zinaishia kwa leptini. Ni homoni inayotengenezwa na seli za mafuta, inaenda kwa ubongo kusema akiba iko ya kutosha, punguza kula. Jeffrey Friedman na wenzake pale New York waliipata mwaka wa 1994 kwa panya wanene ajabu ambao jeni yao ya leptini ilikuwa na kasoro, na wengi wakadhani dawa ya unene imefika. Kumbe watu wengi wanene wanayo leptini tele kwa damu, ni ubongo tu umeacha kuisikia.

Kilichonishika zaidi ni pumzi. Wale panya wasio na leptini, mbali na kula bila kutosheka, pia wanapumua vibaya, hewa chafu, yaani kaboni dioksidi, inajaa kwa damu na mwili hauharakishi pumzi vile inafaa, wakidungwa leptini wanapumua vizuri zaidi. Yaani homoni ya shibe ina mkono pia kwa kupumua!

Nasoma haya kwa sababu ya mjomba wangu wa Umoja, Nairobi. Usiku anakoroma nyumba nzima inasikia, alafu ghafla kimya, na hicho kimya ndicho kinaniogopesha, koo limejifunga, hewa haipiti, sekunde kumi, saa zingine zaidi, oksijeni inashuka mpaka ubongo unamshtua anavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini, analala, na inaanza tena. Usiku mzima. Asubuhi matatu haijafika Jogoo Road ashasinzia. Na tukikutana kama familia wimbo ni ule ule, mjomba acha chapo, mjomba punguza nyama. Inaniuma sana aki, kwa sababu yeye hulala bila kupumzika na sisi tunamhesabia matonge.

Sasa ona vile mambo yameshikana. Oksijeni ikipungua, ndani ya seli kuna protini inaitwa HIF-1 inayoamka na kuwasha jeni kadhaa, ile ya leptini ikiwemo. Gregg Semenza ndiye aliyeigundua, na 2019 akapata Nobel pamoja na William Kaelin na Peter Ratcliffe. Kwa hivyo mtu anayekatikiwa na pumzi kila usiku leptini yake inaweza kupanda, na wagonjwa wengi wa shida hii kweli wanayo juu. Ungetarajia basi njaa ipungue na pumzi ipate nguvu. Lakini ubongo uliozoea kelele ya leptini haushtuki tena, njaa inabaki, pumzi inabaki dhaifu, na upande wa presha ya damu unaonekana bado unaisikia vizuri tu, mishipa inakazwa. Mjomba ana presha miaka sasa na hakuna siku aliulizwa analala vipi.

Mlimani pia oksijeni ni kidogo, lakini hadithi ni tofauti kidogo. Pale Lenana, kilele cha Mlima Kenya, mita 4,985, shinikizo la hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la Mombasa, na wapandaji wengi chakula kinawakataa kabisa. Huko anayetajwa sana ni ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, ambayo hushuka hewa ikiwa nyepesi.

Nilichompelekea anti ni hiki: kuna mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago puani usiku ili koo lisijifunge, na kuna wagonjwa ambao leptini yao ilishuka baada ya kuitumia hata kabla hawajapungua kilo. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia, usingizi kwanza, sahani baadaye. Bei ya mashine si mchezo, hilo tutaongea na binamu zangu. Anti amekubali kumrekodi kwa simu akilala, ile kimya isikike, na tukienda kliniki nataka daktari asikize hiyo kabla hajampandisha kwa mizani.