Vile nilitoka jukwaani nikaingia kwa kamera bila kuacha kuimba

Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera tulikuwa tunashuti kwa nyumba moja huku South B, jikoni, mimi naosha vyombo huku namwambia bwanangu wa kwa skripti kwamba nimejua ana mwanamke mwingine. Nikaitoa hiyo laini vile nimezoea, kifua kimejaa, mikono inaongea, nikaigeukia kabisa ile upande wa watazamaji na hakukuwa na watazamaji. Dairekta akasema kata, akanikaribia akaniambia pole pole, "Dada, bwanako amekaa hapa kwa meza, hayuko Nakuru." Hakuwa amekasirika. Lakini mimi nilikuwa na miaka saba kwa jukwaa, hiyo kitu iliniuma, na hiyo production haikuniita tena.

Wacha nieleze nilikotoka ndio ueleweke huo mdomo mkubwa ulitoka wapi. Baada ya Form 4 niliingia kwa kikundi cha kuzunguka mashule tukiigiza vitabu vya fasihi vya KCSE, asubuhi shule moja, alasiri nyingine, holi za mabati, wanafunzi mia nane, hakuna mikrofoni, na mvua ikinyesha juu ya mabati lazima yule wa nyuma kabisa akusikie kwa sababu atatahiniwa hiyo kitu. Hapo ndio sauti yangu iliiva. Kutoka hapo nikapata odisheni ya myuzikali, yaani mchezo wa kuimba na kudansi mwanzo mwisho, pale Kenya National Theatre, Harry Thuku Road, ng'ambo ya hoteli ya Norfolk. Hiyo nyumba ilifunguliwa 1952 na ukisimama pale mbele taa zikiwashwa unasikia mbao zikikujibu chini ya miguu, sijawahi pata hiyo hisia mahali pengine.

Shida ni hesabu. Kule Broadway, kwa majumba makubwa ya maigizo ya New York, myuzikali moja hupigwa mara nane kwa wiki, na ikipendwa inaenda miaka. Hapa kwetu tunafanya rehaso wiki sita, tunapiga wikendi mbili, halafu seti inabomolewa. Vipaji viko, Eric Wainaina na wenzake walipeleka myuzikali yao ya Tinga Tinga mpaka New York mwaka wa 2018, lakini mwimbaji wa jukwaa Nairobi hawezi kulipa rent na jukwaa peke yake, hiyo ni ukweli na naisema kwa uchungu. Mamangu alikuwa ananiambia, "Mama, hata kwaya ya kanisa wanaimba, na wanaimba bure." Kwa hivyo nilijaza mapengo na matangazo ya redio na kuweka sauti ya Kiswahili kwa vipindi vya kutoka nje.

Halafu sauti ikakataa. Ilikuwa Jumamosi, shoo ya pili, nikafika ile noti ya juu ya wimbo wa mwisho na kukatoka hewa tu. Daktari wa koo alinipitisha kamera ndogo puani na akanionyesha kwa skrini: vinundu viwili vidogo, kimoja kila upande, pale nyuzi za sauti zinapokutana. Alinieleza kitu sikuwa nimewahi kufikiria, kwamba ile noti ya A ambayo bendi hutyunia inamaanisha nyuzi zangu zinagongana mara 440 kila sekunde, sasa hesabu nyimbo kumi na tano, shoo mbili kwa siku, juu ya miaka ya kupigia mabati kelele. Na maji yote nilikuwa nakunywa hayagusi nyuzi moja kwa moja, yanapita njia ya chakula, lazima unywe mapema mwili ufyonze. Nilikuwa najua habari ya Julie Andrews, yule mwimbaji na mwigizaji Mwingereza, alifanyiwa upasuaji wa koo 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi kama zamani, kwa hivyo nililia kwa matatu kutoka Upper Hill mpaka nyumbani. Yangu nashukuru ilihitaji mapumziko na mazoezi tu. Wiki sita bila kuimba, kuongea kwa kipimo, hata kunong'ona alinikataza.

Hizo wiki sita ndizo zilinifunza kamera. Nilikuwa nasimamisha simu juu ya vitabu, naekti sini nzima mdomo umefungwa, halafu naangalia. Mara ya kwanza niliona nyusi zangu zinapanda kila neno. Nyusi za jukwaani! Nikaanza kuimba wimbo ndani ya kichwa tu, bila kusogeza kitu, na nikagundua macho yanabadilika yenyewe pale korasi inaingia. Hapo ndio nilielewa kwamba sikuhitaji kutupa nilichojua. Alama ya tepu sakafuni, ile inakuonyesha pa kusimama, ni dansi tu, unafika bila kuiangalia. Kukumbuka kikombe kilikuwa mkono gani kwa neno gani, ili pikcha ziungane, ni koreografia. Hizo zote nilikuwa nazo.

Na kuna kitu kuhusu huyo huyo Julie Andrews kilinipa nguvu. Aliimba Eliza Doolittle, mhusika mkuu wa myuzikali ya My Fair Lady, Broadway kuanzia 1956, filamu yake ikaja 1964 akanyimwa kwa sababu hakuwa na jina kwa skrini, nafasi ikapewa Audrey Hepburn, na sehemu kubwa ya kuimba mle ni sauti ya Marni Nixon. Mwaka huo huo Julie akatoka na Mary Poppins, ikampa Oscar. Lakini mimi yule ananigusa zaidi ni Marni, kwa sababu na mimi nimekaa kwa vyumba vya kurekodi nikiwapa wengine sauti.

Nilirudi pole pole, dakika tano kwa siku, napiga noti kupitia mrija ulio ndani ya glasi ya maji, mapovu yakipanda sawasawa unajua pumzi iko sawa, yakirukaruka unaacha. Bado nafanya hivyo kila asubuhi.

Mwaka jana niliitwa kwa series moja, mama anayebembeleza mtoto mgonjwa usiku. Skripti ilisema "anaimba" na hakuna wimbo. Nikauliza dairekta kama naweza tumia ule shosho alikuwa ananiimbia, akasema sawa. Niliuimba kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha majirani, na nikauweka chini kabisa ya kifua bila kusukuma. Tulirudia mara nne. Mara ya nne yule jamaa wa sauti akatoa hedifoni, akapangusa macho, akasema amepata mpaka pumzi. Kesho yake saa kumi na moja jioni nilikuwa National Theatre, nyuma ya pazia, na glasi yangu na mrija wangu.