Ule mstari wa 50

Hii ya 2016 nikiikumbuka nacheka mwenyewe. Nilikua nasoma masta Ujerumani, kwenye maabara ya Alzheimer, kazi yangu kuisaka tau, ile protini inayojisokota mafundo ndani ya seli za ubongo wa mgonjwa. Unasaga ubongo wa panya, unaupitisha kwenye jeli ya umeme inayopanga protini kwa uzito, kila panya na safu yake, unahamishia kwenye membreni (kama karatasi ya kunasa protini), afu unaiogesha maziwa ya unga (ndio, maziwa ya unga kabisa, yanaziba nafasi ili antibodi, protini za kinga zinazoshika kitu maalum, zisigande ovyo), unaweka antibodi ya kwanza inayoijua tau, inalala kwenye baridi ya nyuzi 4 mpaka asubuhi, ndo unaweka ya pili ya kuishika ile ya kwanza na kuifanya ionekane.

Asubuhi hiyo mstari huo hapo, mweusi tii, kwenye kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini), na tau ya panya inakaa maeneo hayohayo. Nikaupiga picha na simu nikamrushia kaka Morogoro, "nimeipata!!" Akajibu hongera mdogo wangu, ndo nini sasa?

Akapita mama mmoja fundi wa maabara, mkongwe, kasimama mlangoni na kahawa yake maana ndani hairuhusiwi, akauliza safu ya mwisho ni panya gani. Nikanyamaza. Safu ya mwisho ilikua panya aliyetolewa jeni ya tau, yaani hana tau hata chembe, na mstari wake ndo ulikua mnene kuliko wote.

Akaniambia rudia, ya kwanza usiiweke kabisa. Nikarudia, mstari upo vilevile!

Kumbe antibodi yangu ya kwanza imetoka kwa panya, kwa hiyo ya pili kazi yake ni kushika antibodi yoyote ya panya, na ubongo wenyewe wa panya umebaki na damu, damu nayo ina antibodi zake, na antibodi imeundwa na minyororo mizito na myepesi, ule mzito uzito wake ni 50 hivyohivyo. Wiki tatu nzima aisee, napiga picha damu.

Tukaagiza ya pili nyingine, inayoshika mnyororo mwepesi tu, ule wa 25. Safu ya mwisho, pale kwenye 50, ikatoka nyeupe, na kwa panya wa kawaida kukawa na kamstari kembamba, ka kijivu. Nikamtumia kaka.

"Hii mbona haionekani? Ile ya kwanza ilikua nzuri."