Visoda Ndani ya Kiatu: Nilivyopunguza Kitambi Bila Kuacha Bia

Nimeshuka kutoka kilo 94 hadi 83 na bia sikuacha. Nikisema hivyo watu hunitazama kama niliyedai nimeogelea bila kulowa. Nusu yao hawaniamini. Nusu nyingine wananiuliza nakunywa chapa gani.

Mwenye kitambi hakosi washauri, na washauri wangu wengi walikuwa na vitambi kunishinda. Wa kwanza aliniapia kwamba tatizo ni bia, eti inajaza hewa, nihamie kwenye pombe kali. Nikahama. Ni kweli toti ya mililita 30 ina kalori kama 65 tu. Ila mimi kavu siiwezi, nilikuwa naimiminia soda mpaka juu, na chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 30, yaani kalori 120 nyingine. Halafu toti haijazi tumbo kama bia, hivyo zinapita tu, moja baada ya nyingine, huku unajiona umejizuia. Mwezi mmoja baadaye mizani ilisoma kilo moja na nusu zaidi. Nikarudi kwenye bia yangu kwa heshima zote.

Wa pili akasema pombe itolewe kwa jasho. Asubuhi moja, kichwa kikigonga, nikavaa koti zito nikatoka kukimbia. Sikujua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya pombe hushughulikiwa na ini, kwa mwendo wake lenyewe, na kinachotoka kwa jasho ni kidogo mno. Na kwa kuwa pombe inakojoza, nilikuwa nimeshakauka tangu usiku. Hata kilomita moja sikumaliza. Nilikaa kando ya njia nikitweta, mtoto wa miaka kama sita akanikaribia kwa adabu: "Shikamoo babu, umepotea?" Nina miaka 41.

Lakini aibu kubwa ilitokana na akili yangu mwenyewe. Nilikuwa nimejifunza kuhesabu kalori, nikajiona mhasibu. Jumamosi moja nikapanga: nisile kutwa nzima, niweke akiba, jioni niitumie yote kwenye bia. Asubuhi sikula. Mchana nikanywa chai bila sukari nikiwahurumia waliokuwa wakila, maskini, hawajui hesabu. Kufika saa kumi na mbili jioni nilikuwa na akiba ya kalori kama 1,600, sawa na bia saba na chenji.

Bia ya kwanza iliingia tumbo tupu ikapanda kichwani moja kwa moja. Ya pili nikaanza kuwashauri watu kuhusu ndoa zao. Ya tatu ndiyo ilileta sahani ya vitu vya kukaanga. Nilikula yangu, nikala ya jirani yangu akiwa chooni, aliporudi nikamsaidia kulalamika kwamba wahudumu wa siku hizi ni wezi. Nyumbani nikamalizia viporo vya watoto nikiwa nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, taa ikinimulika kama mshitakiwa. Jumatatu mizani ilikuwa imepanda gramu 800. Nyingi zilikuwa maji na chumvi, lakini siku hiyo sikutaka kufarijiwa.

Hapo ndipo nilipokaa chini kusoma kwa utulivu. Gramu moja ya pombe ina kalori 7. Mafuta yana 9, wanga na protini 4. Mwili hauna ghala la pombe, kwa hiyo ini linaichoma kwanza, na mafuta ya chakula yanapangwa foleni. Foleni ikiwa ndefu, yanahamia tumboni. Kumbe kitambi changu kilijengwa na bia pamoja na sahani iliyokaa karibu nayo.

Sasa visoda. Nilikuwa na tatizo la kumbukumbu: ukiniuliza nimekunywa ngapi, jibu langu siku zote lilikuwa "mbili hivi". Nikaamua kila chupa inayofunguliwa, kisoda kinaingia mfukoni. Nikifika nyumbani navitia vyote ndani ya kiatu cha kukimbilia, cha kulia. Asubuhi huwezi kukivaa bila kuvitoa na kuviona. Tena mke wangu ana masikio ya popo, kiatu kikitikisika tu anauliza kutoka chumbani: "Baba Neema, ngapi jana?"

Na kila kisoda nikakipa kazi. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kalori kama 210. Kukimbia kilomita moja kunachoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Kwa kilo zangu 94, kisoda kimoja ni kilomita mbili na kidogo. Nikasema mbili, nisijionee. Wapo watakaosema mazoezi hayapaswi kuwa adhabu. Sawa. Ijumaa ya kwanza nilitoa visoda vitano kiatuni, kilomita kumi, na mimi wakati huo nilikuwa nakimbia tatu nikisimama mara nne. Ijumaa iliyofuata vilikuwa vitatu. Haukuwa uchamungu, ni magoti.

Kuanzia hapo mengine yalikwenda yenyewe: kula kwa kipimo, kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, mambo ambayo kila mtu anayajua. Nakula chakula kamili chenye protini kabla ya kwenda kunywa, sahani ya kukaanga inakosa mteja. Siku ya mazoezi mazito ya miguu sinywi, maana pombe inachelewesha misuli kujijenga. Chupa ya mwisho naimaliza muda wa saa tatu kabla ya kulala. Zamani nilidhani bia inanipa usingizi. Inakupa wa mwanzo, kisha saa tisa usiku macho makavu kama bundi, na kesho yake njaa haishikiki. Na maji, glasi moja kati ya chupa na chupa. Wanakucheka, wacheke.

Sisemi pombe ni dawa. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na mimi sina ubishi nalo. Na kama wewe ukianza moja huwezi kusimama, visoda havitakusaidia, utajaza tu viatu vyote viwili. Tafuta msaada mwingine.

Kilo 11 zilichukua miezi tisa, pamoja na mwezi mmoja mizani ilipogoma kabisa nikaitukana.

Siku hizi ni mbili Ijumaa, pengine moja Jumapili. Ila jana nilikunywa mbili, na asubuhi ya leo kiatuni vilikuwemo visoda vitatu. Nikavigeuza geuza. Cha tatu kilikuwa cha soda ya machungwa, ambayo mimi sinywi. Nikamwita mke wangu, akaitika kwa sauti ya mtu aliyelala fofofo. Nikakimbia sita.